Lango la Askari na Lango la Rubani

Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Kikurya, kutoka Tarime na Serengeti za leo, waliingia King's African Rifles. Mwingereza aliwahesabu miongoni mwa makabila ya kivita. Kigezo kikuu kilikuwa mwili. Kwa askari wa kawaida, kisomo kilikuja baadaye.

Maasi ya Januari 1964 yalilivunja jeshi lililorithiwa, na Septemba 1 mwaka huo ikazaliwa JWTZ. Kikosi chake cha anga kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Msaada huo ulipokatika mwaka 1965, kwa mgogoro wa kuwepo kwa Ujerumani Mashariki Zanzibar, ikaingia Kanada, kisha China. Walimu walibadilika, sharti halikubadilika: macho makali na moyo timamu, pamoja na hisabati, fizikia na lugha ya mafunzo.

Hapo ndipo urithi wa Wakurya unapopungukiwa. Ushujaa uliwafungulia lango la askari wa miguu. Lango la urubani hufunguliwa darasani. Anayeitakia Mara marubani na akague kwanza maabara za shule za Nyamongo na Mugumu, ndipo apime vifua vya vijana.