Mwalimu Mwenye Nyundo

Wako wazazi wampelekao mtoto shuleni kwa nia moja tu, kwamba mikono yake isiguse tena nyundo wala jembe. Hata hapa kwetu Pasiansi tumeyasikia maneno hayo, nayo hutuhuzunisha. Kwa maana katika nchi hizi za Ziwa Viktoria aliishi mtu mwenye elimu kubwa ambaye hakuona haya kushika masizi ya tanuri.

Jina lake Alexander Mackay, aliyezaliwa Rhynie, katika nchi ya Uskoti, mwaka wa 1849. Kwanza alisomea ualimu mjini Edinburgh, ndipo akajifunza elimu ya mitambo katika Chuo Kikuu cha mji huo huo. Mwaka wa 1873 akaenda Berlin kufanya kazi katika kiwanda cha mashine. Mwaka wa 1876 akashuka Unguja pamoja na wamisionari wenziwe wa C.M.S., na mwaka uliofuata akakata njia toka Saadani hata Mpwapwa.

Mwezi wa Juni, 1878, alifika Kagei katika Usukuma. Wenziwe wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wamekwisha kuuawa Ukerewe. Mizigo ya misheni imetawanyika, na vyuma vya mashine ya mvuke vimeshika kutu. Mtu mwingine angalirudi kwao. Yeye alivisafisha vyuma kimoja kimoja, akavipanga. Kisha akavuka kwenda Ukerewe pasipo silaha, akaonana na mtemi Lukonge.

Mwaka ule ule akafika Buganda. Huko aliweka tanuri na kerezo, akawafundisha vijana kusoma, tena na kazi za mikono. Wakubwa wengi waliona kazi hizo ni za watumwa. Mackay akawaambia ya kuwa Mungu amempa mwanadamu tumbo moja na mikono miwili. Basi na afanye kazi mara mbili kuliko anavyokula.

Mwaka wa 1887 alifukuzwa Buganda, akaja Usambiro, kusini ya ziwa. Akaanza upya: akafundisha, akapiga chapa, akaunda mashua ya mvuke. Tarehe 8 Februari, 1890, homa ilimwua, umri wake miaka 40, na mashua haijakwisha.

Je, kazi yake ilipotea? La. Chombo kilibaki nusu, bali watu aliowafundisha waliendelea kusoma na kufundisha wenzao. Tena, Makerere ilipoanza mwaka wa 1922 ilikuwa shule ya ufundi. Useremala ulitangulia, Chuo Kikuu kikafuata. Na katika nchi yetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka wa 1973.

Basi sisi walimu tusimwambie mtoto ya kuwa kalamu ni ya mwenye akili na nyundo ni ya aliyeshindwa. Mackay alizishika zote mbili, katika nchi tatu na zaidi, wala hatusikii ya kuwa moja iliipunguzia nyingine heshima.