Fundi Konde: Gitaa la Mgiriama Lililovuka Kivuko cha Kilifi

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Matsangoni hakuwa na budi kusubiri feri. Alisubiri na mizigo yake: sukari, leso za mke, mafuta ya taa. Katika miaka ya 1950, mwenye uwezo aliweza kuwa amepakata na santuri mbili tatu, akizichunga kama mayai, kwani santuri za wakati huo zikianguka zilivunjika kama kigae. Mombasa ndiko zilikopatikana, katika maduka kama la Assanand, ambalo hatimaye lilitoa santuri zake lenyewe kwa chapa ya Mzuri.

Miongoni mwa sauti zilizosafiri hivyo ilikuwamo ya mwana wa Kilifi, Fundi Konde.

Konde alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama, mahali ambapo muziki ulikuwa ngoma, kayamba na kuitikiana kwa sauti. Gitaa lilikuwa mgeni. Mwaka mmoja kabla yake, kule Alabama, Marekani, alizaliwa Hank Williams, kijana mwingine wa shamba ambaye redio na santuri zingemfanya nyota wa muziki wa kantri. Hawakujuana, lakini walilelewa na mashine zile zile. Tofauti ni kwamba Williams alikuta redio tayari ikimngoja: kipindi cha Grand Ole Opry kilikuwa hewani tangu 1925. Redio ya Kenya ilianza 1928, na ilianza kwa ajili ya walowezi wa Kizungu.

Kilichomfungulia Konde njia ni vita. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, kilichowatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa India na Burma. Jeshi lilikuwa chuo. Kijana wa Pwani alipiga muziki bega kwa bega na Waafrika wa makabila na nchi nyingine, mbele ya wasikilizaji ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na akasikia rumba na midundo mingine ya dansi iliyokuwa ikivuma duniani.

Baada ya vita alifanya kazi Nairobi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa jeshini na akageukia biashara ya burudani na matangazo. Nyimbo za Konde zilitolewa na kampuni ya HMV, katika santuri zenye lebo ya buluu. Miongoni mwazo ni *Tausi*, *Mama Sowera*, *Kipenzi Waniua*, *Majengo Siendi Tena*, *Jambo Sigara*. Anahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kupiga gitaa la umeme.

Santuri ilikuwa na amri zake. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Ngoma ya kijijini ingekesha hadi alfajiri. Wimbo wa Konde ulipaswa kuingia, kusema na kutoka kabla sindano haijafika kati. Ndiyo maana gitaa lake halina maneno mengi: linafungua mlango, linamwachia mwimbaji, kisha linajibu. Na kwa kuwa mnunuzi angeweza kuwa Malindi, Kisumu au Dar es Salaam, aliimba kwa Kiswahili ambacho wote hao wangekielewa.

Redio nayo ilisogea polepole. Vita vilileta matangazo kwa ajili ya Waafrika, na baadaye Mombasa ikawa na kituo chake, Sauti ya Mvita. Lakini chombo chenyewe kilikuwa ghali. Hata ile redio ya betri ya bei nafuu iliyobuniwa kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1949 iliuzwa pauni 5. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikudai betri wala umeme, nayo ikawafaa watu wa vijijini.

Redio za transista zilipoenea, zama zilikuwa zimegeuka. Magitaa ya Kongo yalishika mji, na kutoka Marekani sauti laini ya Jim Reeves ikajipatia mashabiki Kenya ambao hawajaisha mpaka leo. Konde akasikika kwa nadra. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilikusanya nyimbo zake za kati ya 1947 na 1956 na kuzitoa upya, naye akiwa hai. Alifariki mwaka 2000.

Mkusanyiko huo ni sehemu tu ya alichorekodi. Basi msomaji wa Matsangoni, Gede au Takaungu, ukikuta darini kwa babu santuri nyeusi yenye lebo ya buluu, usiwape watoto waichezee. Ifute vumbi, isimamishe wima mahali pasipo jua, kisha usome jina lililoandikwa.