Kuku wa Uwani na Maadui Zake: Historia ya Ulinzi Visiwani Kwetu



Katika mambo ambayo somo humfundisha mwari, siku hizi kuku hatajwi sana. Tunazungumzia udi, kanga, mapishi na namna ya kupokea wageni, lakini kuku tumemwachia muuzaji wa sokoni. Na bado kuku ndiye mali ya mwanzo ambayo wanawake wengi wa visiwa vyetu waliimiliki kwa mikono yao wenyewe. Mayai yalinunua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Dini yetu imempa mwanamke haki ya kumiliki mali yake, na kwa bibi wa shamba mali hiyo mara nyingi ilikuwa na mbawa mbili na miguu miwili. Kuku akichukuliwa na ngawa usiku, kilichopotea hakikuwa kitoweo tu. Ilikuwa akiba ya mama.

Leo tunasimulia jinsi kuku walivyolindwa Unguja na Pemba: maadui walikotoka, vita vilivyopiganwa, na kipi hasa kilichosaidia.

Kuku naye alikuja na chombo

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Kwao ni kusini mashariki ya Asia, na huku kwetu alifika kwa safari za watu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya kuku Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa na shughuli nyingi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hapo hapo wamepata pia mifupa ya panya mweusi, naye mgeni kutoka Asia. Kwa hiyo kuku na mwizi wa mayai na vifaranga wake wote ni wahamiaji wa zamani.

Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu wali wa samli uliowekewa juu kuku, nyama, samaki na mboga. Ukimtazama bibi harusi anayepakuliwa sinia la wali na kuku leo, utaona ukarimu huo una umri mrefu. Na tukirudi nyuma zaidi, Sahaba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Mtume wetu (s.a.w.) akila kuku.

Ngawa na harufu ya zabadi

Adui wa usiku anayejulikana kuliko wote ni ngawa. Hutoka kiza kikiingia, hunusa, hutafuta upenyo, na banda bovu kwake ni karamu. Asubuhi unakuta manyoya na kimya.

Visiwani kwetu yupo ngawa mdogo ambaye asili yake ni Asia. Inaelezwa kwamba aliletwa na watu kwa ajili ya zabadi, ule utomvu wenye harufu kali anaoutoa, ambao ulikuwa bidhaa ya thamani katika biashara ya manukato. Basi mnyama aliyesaidia kunukisha nguo za watu ndiye huyo huyo aliyemliza mwenye kuku. Aliyefaidika ni mfanyabiashara, na aliyelipa ni mwanamke wa shamba.

Mchana walikuwepo wengine: nguchiro na kicheche vichakani, kenge anayefuata mayai, chatu, na juu angani mwewe na kipanga. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamesimuliwa kwamba zamani mwewe na kuku walikuwa marafiki, mpaka kuku akaazima kitu cha mwewe na kukipoteza. Ndiyo maana kuku anachakura mpaka leo akikitafuta, na mwewe anajilipa kwa vifaranga.

Chui na ubaya wa dhana

Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa ya pekee. Mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza R. I. Pocock alimpa jina la kisayansi lenye kumbukumbu ya Dk. Aders, mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Zanzibar. Watu walivyoongezeka na mashamba kupanuka, chui na mwanadamu wakakaribiana mno. Mbuzi wakaliwa, kuku wakaliwa, na hofu ikawa kubwa.

Lakini hofu hiyo ilikuwa na sura nyingine. Wengi waliamini kwamba baadhi ya chui hufugwa na wachawi na kutumwa kwa wenzao. Mfugo ukipotea, badala ya mtu kutazama mlango wa banda, alitazama nyumba ya jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni iliyopiga vita uchawi na chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui waliuliwa kwa wingi. Watafiti waliokuja miaka ya 1990 walikuta habari nyingi na ushahidi mchache, na wataalamu wengi leo wanamhesabu kuwa ametoweka.

Je, kuku walisalimika? Muulize mfugaji yeyote. Chui ameondoka, ngawa yupo pale pale. Na tukumbuke, dada zetu, Qur'ani katika Suratul Hujurat imetukataza kukithirisha dhana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kuku mmoja asitutie katika dhambi ya kumsingizia jirani.

Kunguru aliyeletwa kusafisha

Miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, waliletwa Unguja kunguru weusi kutoka Bara Hindi. Shabaha ilikuwa wasafishe taka za mji. Walizila, wakazaana, wakavuka mpaka bara, na leo Dar es Salaam nayo inawalalamikia. Taka hazikuwatosha. Kunguru huiba mayai, hunyakua vifaranga na huvunja viota vya ndege wengine. Mwewe humwona kuku mara moja na kupita, lakini kunguru hukaa juu ya paa, akasoma mazoea ya nyumba na kungoja mwenyewe aingie jikoni.

Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni ya kuwapunguza kwa mitego na sumu, na idadi yao ikashuka. Kampeni ilipolegea wakarudi. Ndilo somo lile lile la chui: kuua peke yake hakumlindi kuku.

Kilichofaa ni tenga na mlango

Wakati wanaume wakiwinda na serikali zikipanga kampeni, bibi zetu walikuwa na ulinzi wao. Kuku aliyeangua baada ya siku 21 hakuachiwa kiwanja. Aliwekwa chini ya tenga pamoja na vifaranga vyake, na jiwe juu yake. Usiku kuku waliingizwa jikoni au kwenye kizimba kilichoinuliwa kwa miguu ya miti, na wakahesabiwa mmoja mmoja kabla ya mlango kufungwa. Mayai yalilaliwa ndani ya pakacha palipo na macho ya watu. Nyavu kuukuu za wavuvi zilitandazwa juu kuzuia ndege.

Hayo yote yanafaa mpaka leo, na tunayaongezea machache:

- Wavu wa banda uwe wa tundu ndogo za nusu inchi. Wavu wa tundu kubwa humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii kicheche asiingie.
- Fukia wavu chini kiasi cha shubiri mbili, au zungusha mawe, kwani wanyama hawa huchimba.
- Mlango uwe na komeo, na ufungwe kabla ya Magharibi. Wakati wa kuwaingiza watoto ndani ndio wakati wa kufunga banda.
- Vifaranga vikae chini ya tenga au wavu mpaka viwe na manyoya kamili, kiasi cha wiki sita.
- Usiache makombo wala taka wazi uwani. Ndiyo barua ya mwaliko kwa kunguru na panya.

Dini inasemaje

Katika hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) amewataja kunguru na mwewe miongoni mwa wanyama wasumbufu wanaoruhusiwa kuuliwa hata na aliyehirimia. Lakini ametufundisha pia kufanya kila jambo kwa wema, hata katika kuua. Kumtesa mnyama si ruhusa. Kutega sumu uwani ni hatari zaidi, kwa sababu sumu haichagui: itamla paka wa jirani na huenda ikamfikia mtoto. Msingi wetu ni kutodhuru wala kudhuriana.

Jambo jingine ni la jikoni. Kuku aliyeuliwa na mnyama wa mwitu si halali kuliwa. Suratul Maidah imeliweka wazi, na imebagua yule aliyewahiwa akachinjwa angali hai. Ukimkuta kuku amejeruhiwa na bado yu hai, wahi kisu na bismillah. Ukimkuta amekufa, mzike, na usione haya kupoteza kilo moja ya nyama kwa kulinda dini yako.

Kwa hiyo, bibi harusi wetu, ukiulizwa unataka nini katika vyombo vya nyumba, usione aibu kutaja kuku watatu, jogoo na banda zuri lenye komeo. Wazee walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Ukiwa mlinzi mzuri wa kiumbe dhaifu kilichoko mkononi mwako, umeshaanza kuijua kazi ya nyumba.

Allah atubarikie riziki zetu, kubwa na ndogo, na atujaalie kuwa walinzi waaminifu wa tulivyopewa. Aamiin.