Mbuzi wa Dürer na Fisi wa Wanga

Mnamo mwaka 1500 hivi, Albrecht Dürer wa Nürnberg alichonga katika bamba la shaba sura ya kizee aliye uchi, amempanda mbuzi kinyume, uso ukielekea mkiani. Nywele zake zapeperukia mbele aendako mnyama, kana kwamba upepo nao umeasi. Na herufi D katika alama ya mchoraji imegeuzwa. Mwaka 1510 Hans Baldung Grien, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Dürer, alichapa kwa ubao kundi la wachawi wameketi na chungu chao. Juu yao mmoja apaa kwa mbuzi, naye pia amegeukia nyuma.

Msomaji wa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, hahitaji mkalimani wa mambo haya. Kwa jirani zetu Wakaguru, T. O. Beidelman aliandika mwaka 1963, mchawi husemwa hutembea kwa mikono, miguu ikiwa juu. Katika kitabu hicho hicho R. F. Gray aeleza kuwa kwa Wambugwe kila fisi ana bwana wake mchawi, ambaye humpanda usiku na kumkamua maziwa. Huku mbuzi hakufaa kazi hiyo: ni mnyama wa mahari na wa tambiko, mwenzetu wa nyumbani. Wazungu walimpa mbuzi ashiki na ushetani. Sisi tulimtwika fisi, mla mizoga mwenye kicheko.

Ila fisi wetu alikaa katika maneno, akabadilika kila kijiji. Mchawi wa Ulaya alipigwa chapa. Tangu kitabu cha Ulrich Molitor cha mwaka 1489, chenye picha za wachawi wenye vichwa vya wanyama, sura moja iliweza kufika miji mingi bila kubadilika hata mstari. Sisemi kwamba picha ziliua. Huenda Dürer alikuwa akifanya mzaha. Lakini mahakama za Ulaya, hadi karne ya 18, ziliwaua watu wapatao 40,000 hadi 50,000, wengi wao wanawake, na kizee alikwisha kupewa uso.

Nasi je? Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Hata hivyo huko Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, na hapakuhitajiwa picha yoyote. Macho hayo huiva kwa moshi wa kuni, miaka hamsini mbele ya mafiga.