Moyo Ukikataa Dawa: Historia ya Ugonjwa Mmoja na Somo Lake

Leo tutoke kidogo ku historia ya wafalme na vita. Tuongee historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu iko nacho ndani ya kifua.

Moyo uko na vyumba 4: viwili vya juu, viwili vya chini. Kwa mtu mwenye afya, vya juu vinajikunja kwanza, vya chini vinafuata. Katika ugonjwa ule waganga wanaitaka fibrilasio ya atria, vyumba vya juu havijikunji tena, vinatetemeka tu sawa jani mu upepo. Mapigo yanakuwa ya haraka na bila mpangilio. Mgonjwa anasikia moyo unaruka, pumzi inapunguka, anachoka hata kama hajafanya kazi. Ila hatari kubwa haisikikake: damu inayotuama mu vyumba vya juu inaweza kuganda, kipande kikapanda ku kichwa, mtu akapooza upande mmoja. Watafiti wa Framingham, kule Marekani, walionyesha mwaka 1991 kama ugonjwa huu unazidisha hatari ya kupooza karibu mara 5.

Sasa swali ambalo familia nyingi zinajiulizaka: dawa ikiisha kukataa, tunafanya nini? Wengine wanasema «imeshindikana», wanatupa vidonge vyote. Historia iko na jibu ingine.

Tuanze 1785. Munganga William Withering, mu muji wa Birmingham, Uingereza, aliandika kitabu juu ya mmea mmoja wa maua unaoitwa dijitali. Alikuwa amesikia habari yake ku dawa ya kienyeji ya mama mmoja. Wagonjwa waliovimba miguu walipata nafuu, na mapigo ya moyo yakapunguza mbio. Kumbe mmea haukunyoosha moyo hata kidogo. Ulipunguza tu mwendo wake. Tuweke jambo hilo ku akili, litarudi.

Mwaka 1912, mfanyabiashara Mholanzi alienda kwa munganga Karel Wenckebach na moyo wa kupiga ovyo. Munganga alimuambia kama hana dawa ya kuukomesha. Yule mzee akajibu kama yeye iko nayo: kwinini, ile alizoea kunywa juu ya malaria. Kesho yake alirudi, moyo umenyooka! Wenckebach akajaribu kwa wagonjwa wengine, ila ni wachache tu walipona hivyo. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kama kwinidini, ndugu ya kwinini, ndiyo inafanya kazi zaidi. Zote mbili zinatoka mu ganda la muti wa kinkina. Sisi watu wa Kivu tunaujua ule muti: uko ku milima yetu, na kiwanda cha Bukavu kinatoa kwinini mu maganda yake.

Kwinidini ilitumika miaka mingi sana. Lakini mu mwaka 1990, watafiti walikusanya majaribio 6 na kuhesabu. Kisha mwaka mmoja, nusu ya wale walionywa kwinidini walikuwa na moyo ulionyooka, na kwa wale hawakuinywa ni robo tu. Ushindi? Hapana. Ku upande wa kwinidini watu walikufa zaidi. Moyo ulinyooka, mwenye moyo akaenda.

Wengine walitafuta njia ya umeme. Mwaka 1962, Bernard Lown wa Boston alitangaza namna ya kurudisha mapigo kwa shoti moja ya umeme, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Inasaidia kweli, ila kwa wengi ugonjwa unarudiaka kisha wiki ao miezi. Wabelgiji nao walitengeneza amiodaroni mu miaka ya 1960, kwanza juu ya maumivu ya kifua. Iko na nguvu, lakini inaweza kuharibu tezi ya shingo na mapafu, mpaka mgonjwa analazimika kuiacha.

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walifuatilia wagonjwa 45. Waligundua kama vicheche vinavyowasha ule mtetemo vinatoka karibu vyote mu mishipa inayoleta damu kutoka mapafu. Wakaanza kuchoma pale mahali kwa waya mwembamba unaopitishwa mu mshipa wa mguu. Leo kazi hiyo inafanywa mu nchi nyingi. Inasaidia watu wengi, ila wengine wanarudia kuchomwa mara ya pili, na kuna wale moyo wao unakataa kabisa.

Hapo ndipo utafiti mmoja uligeuza mawazo. Mwaka 2002 huko Marekani na Kanada, walifuata wagonjwa 4060. Kundi moja walipewa dawa za kunyoosha mapigo. Kundi la pili waliachiwa moyo ukipiga ovyo, wakapunguziwa tu mwendo, sawa vile mmea wa Withering ulifanya. Matokeo: wale wa kunyooshwa hawakuishi zaidi. Na tena, wengi wa wale waliopooza, ku makundi yote mawili, ni wale walikuwa wameacha dawa ya kuzuia damu kuganda, ao walikuwa wanainywa kwa kipimo kidogo.

Ni haki tuseme pia kama mwaka 2020 utafiti ulioongozwa kutoka Ujerumani ulionyesha faida ya kunyoosha mapema, ndani ya mwaka wa kwanza wa ugonjwa. Kwa hiyo kujaribu si bure. Ila kushindwa kunyoosha si mwisho wa matibabu.

Na ile dawa ya damu, ilitoka wapi? Ilitoka kwa ngombe. Mu miaka ya 1920, ngombe za Amerika ya Kaskazini zilikufa kwa kutoka damu kisha kula majani yaliyooza. Karl Paul Link, mwalimu wa kemia kule Wisconsin, akatafuta ile sumu. Mu kazi hiyo kukatoka warfarini, iliyouzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya! Mu miaka ya 1950 ikaanza kupewa watu, kwa kipimo kidogo. Inapunguza kupooza kwa wagonjwa hawa karibu mara mbili kwa tatu.

Hii inatugusa sisi moja kwa moja. Mu Afrika, vijana wengi wanapata fibrilasio juu ya moyo ulioharibiwa na homa ya rumatisimu, inayoanzia ku maumivu ya koo ya utoto yasiyotunzwa. Mwaka 2022, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4500 kama hao, mu nchi 24 za Afrika, Azia na Amerika ya Latini, ulilinganisha warfarini na dawa mpya ya bei kali. Umri wa katikati ulikuwa karibu miaka 50, na karibu watatu kwa wanne walikuwa wanawake. Warfarini ya zamani ndiyo ilishinda: vifo vilikuwa vichache zaidi. Shida yake ni kwamba inaomba kupimwa damu mara kwa mara, na maabara si kila pahali.

Bandugu, somo la historia hii ni moja. Dawa ya kunyoosha mapigo ni kitu kimoja, dawa ya kupunguza mwendo ni kitu kingine, dawa ya kulinda damu ni ya tatu. Ya kwanza ikikataa, zile mbili hazijakataa. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na moyo usionyooka, kama mwendo wake uko chini na damu yake inalindwa. Ila yule anayetupa vyote pamoja juu kimoja kimeshindwa, anafungua mlango wa kupooza.

Kwa hiyo, mzazi ao jirani akikuambia «dawa zimekataa», usikimbilie kumpa pole. Muulize kwanza: ni dawa gani imekataa? Na ile ya damu, ungali unainywa? Kisha musindikize kwa munganga na vidonge vyake vyote mu mkono. Kwa wale wanaosoma medisini ao maabara, swali ni lenu: kupima damu ya mgonjwa wa warfarini mu kijiji kisicho na umeme, tutafikaje?