Zamu ya Mtu Mmoja

Septemba 10, 1976, ndege mbili za abiria ziligongana karibu na Zagreb, Yugoslavia, kwenye kimo cha futi 33,000. Watu wote 176 walikufa. Waongozaji wa ndege walifikishwa mahakamani, na mmoja peke yake akatiwa hatiani: kifungo cha miaka saba.

Makosa yalikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini tazama kiti alichokalia. Anga la juu lilikuwa limejaa, mpokezi wa zamu alikuwa amechelewa, na mwenzake alikuwa ametoka kwenda kumtafuta. Hivyo mtu mmoja akabaki anaongea na marubani redioni, anajibu simu za waongozaji wenzake, anaandika kwenye vikaratasi vya safari na kutazama rada, yote kwa wakati mmoja. Ndege ya DC-9 iliyotoka Split ilikuwa inapanda kuingia eneo lake. Alipoitambua hatari aliiamuru ibaki kwenye kimo ilichofikia, na kimo hicho ndicho ilichokuwa ikiruka ndege ya Waingereza iliyokuwa njiani kwenda Istanbul. Waongozaji wa nchi nyingine walipaza sauti kumtetea. Adhabu ikapunguzwa, na mwaka 1978 akaachiwa. Walikuwa na haki ya kupiga kelele, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kukalia kiti kama kile.

Kazi yenyewe ilianza kwa mwendo wa taratibu. Desemba 1935 mashirika ya ndege ya Marekani yalifungua kituo huko Newark, na Julai 1936 serikali ikakichukua. Ramani ilitandazwa mezani, na juu yake vibao vidogo, kila kimoja na ndege yake, vikasukumwa kwa mkono kufuata safari. Mwongozaji hakuzungumza na rubani. Alilipigia simu shirika, nalo likampasha rubani habari kwa redio.

Ndege zilipoongezeka, na rada na redio ya moja kwa moja zilipoingia, dawa ikawa kuligawa anga katika sekta, kila sekta na watu wake. Dawa hiyo ina gharama ambayo wasimamizi wengi hawaihesabu: kila mpaka unaoongezwa unaleta simu nyingine ya kukabidhiana ndege. DC-9 ya Zagreb ilikuwa ikivuka mpaka wa namna hiyo, kutoka sekta ya kati kwenda ya juu, na makabidhiano hayakufanyika inavyotakiwa.

Waongozaji wa Marekani walijaribu njia nyingine. Agosti 3, 1981, chama chao PATCO kiligoma, na kati ya madai yake ilikuwa wiki ya kazi ya saa 32. Rais Reagan aliwafukuza zaidi ya 11,000. Waliobaki hawakutosha kuhudumia safari zote, kwa hiyo safari zilipunguzwa na ndege zikasubirishwa chini hadi nafasi ipatikane angani.

Lakini uchovu hauji kwa wingi wa ndege peke yake. Uwanja wa Blue Grass wa Lexington, Kentucky, ni wa kimkoa, na alfajiri ya Agosti 27, 2006 ulikuwa na ndege chache tu. Mnarani alikuwepo mtu mmoja, ingawa mwongozo wa mamlaka ya anga, FAA, ulitaka wawe wawili ili kazi ya rada itenganishwe na ya mnara. Aliiruhusu ndege ya Comair kuruka, kisha akageuka kuhesabu ndege alizohudumia katika zamu. Marubani walikuwa wameingia barabara ya kurukia isiyo yao, ya futi 3,500, badala ya ile ya futi 7,000. Watu 49 walikufa. Rubani msaidizi pekee ndiye aliyepona.

Wachunguzi waliweka chanzo kwa marubani, ambao hawakutambua barabara waliyokuwepo. Hata hivyo ratiba ya mnarani nayo ilisomwa. Mwongozaji yule alikuwa ameanza kazi saa 12 na nusu asubuhi ya siku iliyotangulia, akatoka saa 8 na nusu mchana, akarudi saa 5 na nusu usiku. Katikati hapo alilala kama saa mbili. Mwili haulali mchana kwa sababu tu ratiba imeuambia ulale.

Mwaka 2011, baada ya waongozaji kadhaa kukutwa wamelala kwenye zamu za usiku, FAA iliongeza mapumziko ya lazima kati ya zamu, kutoka saa nane hadi tisa. Saa tisa ndizo hasa alizopewa yule wa Lexington. Ilibidi kungoja hadi Aprili 2024 ndipo mkuu wa FAA alipotangaza saa 10, na 12 kabla ya zamu ya usiku wa manane.