Sekunde thelathini zilizopimwa Haydom

Mtoto akizaliwa bila kulia, mkunga aliyefundishwa vizuri anajua kwamba ana dakika moja tu. Amkaushe, amsugue mgongo, asafishe mdomo na pua kama vimeziba, na akiona bado hapumui, amfunike kwa barakoa ndogo na kuanza kumpa pumzi kwa ambu, mfuko unaominywa kwa mkono kusukuma hewa. Utaratibu huu unafundishwa sasa katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya ushahidi unaousimamisha ilikusanywa Haydom, mji mdogo wa Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyojengwa kwenye nchi ya mbung'o. Wengi wetu tunaijua Haydom kama mahali anapopelekwa mgonjwa aliyeshindikana kwingine. Ni wachache wanaojua kwamba wakunga wake wameifundisha dunia.

Hospitali ya Kilutheri Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei, ikiwa na vitanda 50. Wakati huo Wairaqw walikuwa wakisogea kusini kutafuta ardhi, maana milima ya Mbulu ilikwisha kujaa. Huko chini walikuwako Wadatoga na ng'ombe wao, Wahadzabe upande wa Ziwa Eyasi, na Wanyiramba na Wanyisanzu upande wa magharibi. Ni sehemu chache sana Afrika ambako mama Mkushi, mama Mniloti, mama Mbantu na mama Mhadzabe wanakaa benchi moja wakisubiri kuitwa. Mwaka 1961 alifika daktari kijana, Ole Halgrim Evjen Olsen, na akaitumikia hospitali hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Leo ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu, ina vitanda zaidi ya 400, na wagonjwa wake wanatoka Mbulu, Hanang, Iramba, Mkalama na hata mbali zaidi.

Kwa miongo mingi chombo kikuu cha mkunga wa Haydom kilikuwa kilekile cha wakunga wa dunia nzima: fetoskopu ya Pinard, bomba fupi la mbao au bati lenye umbo la tarumbeta, linaloitwa kwa jina la daktari Mfaransa wa mwishoni mwa karne ya 19. Mkunga huinama, akakandamiza mdomo mpana kwenye tumbo la mama na kutega sikio upande wa pili, huku vidole vyake vikishika mshipa wa mkono wa mama ili asije akahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto. Anahesabu dakika nzima. Mapigo ya mtoto aliye salama huwa kati ya 110 na 160. Kazi hii inahitaji utulivu, na leba yenye akina mama sita na mkunga mmoja haina utulivu. Usiku wa kazi nyingi, saa mbili zinaweza kupita kati ya usikilizaji mmoja na mwingine, na ndani ya saa mbili hizo mtoto anaweza kuchoka, akakosa hewa, akafa bila mtu kujua ni lini.

Swali la ni wangapi wanaokufa hivyo lilianza kujibiwa kwa uzito katika miaka ya 1990. Watafiti, miongoni mwao Sven Gudmund Hinderaker na Bjørg Evjen Olsen, waliwafuatilia wajawazito katika wilaya za Mbulu na Hanang, na pale mama au mtoto alipofariki wakarudi kwa familia kuuliza ilikuwaje. Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kitabibu kati ya mwaka 2000 na 2008. Maambukizi yalionekana kuua watoto wengi, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kukafuata. Sehemu ya vifo hivyo, walisema waziwazi, ingeweza kuepukika. Naona kazi ile haijapewa heshima inayostahili. Takwimu za wilaya mbili za vijijini, ambako uzazi mwingi ulifanyika nyumbani na kaburi la mtoto mchanga halikuandikwa popote, ziliingia kwenye rekodi ya dunia kwa sababu kuna watu waliotembea boma kwa boma.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2009. Hege Ersdal, daktari kutoka Stavanger, Norwei, akishirikiana na Haydom, alianzisha utaratibu ambao kwa maelezo ni rahisi na kwa utekelezaji ni mgumu mno: kila uzazi hospitalini hapo uangaliwe na msaidizi wa utafiti mwenye saa mkononi. Wasaidizi hao, wenyeji wa eneo hilo, walipokezana zamu usiku na mchana. Waliandika mtoto ametoka saa ngapi, amelia lini, kamasi zimevutwa lini, ambu imeanza lini, na amefikia wapi baada ya saa 24. Hawakumgusa mtoto wala kumwelekeza mkunga. Walihesabu.

Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2012, na inafaa kila mkunga aijue kwa kichwa. Kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ambu ziliongeza kwa asilimia 16 uwezekano wa kufa au kulazwa kwa muda mrefu, na hali iliendelea hivyo hadi dakika ya sita. Wakunga hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifanya kwa bidii yale waliyofundishwa, wakimsugua mtoto na kumvuta kamasi tena na tena, na sekunde zikawa zinakwenda.

Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilizindua mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, na Tanzania ikawa kati ya nchi za kwanza kuyajaribu. Mwanasesere anayetumika katika mafunzo hayo hutengenezwa na Laerdal ya Stavanger, kampuni iliyowahi kutengeneza midoli ya watoto. Umbile lake linavutia. Ni mfuko wenye sura ya mtoto unaojazwa maji ya vuguvugu hadi uzito wake mkononi uwe wa mtoto wa kweli, kichwa kikining'inia kisiposhikwa. Mwalimu hushika vipira vidogo vilivyounganishwa kwa mirija: akiminya kimoja kitovu kinadunda, akiminya kingine kifua kinapanda. Mkunga akiishika barakoa vibaya, hewa inavuja pembeni na kifua kinabaki kimelala.

Wakunga wa Haydom walipewa mafunzo hayo ya siku moja Aprili 2010. Miezi saba baadaye walijibu vizuri kwenye mtihani na kwa mwanasesere walionekana hodari. Lakini ndani ya leba, kwa watoto wa kweli, huduma haikuwa imeboreka. Idadi ya waliopewa pumzi kwa ambu ilibaki ileile. Tulijue jambo hili sote tunaopenda semina za siku moja zenye chai na vyeti.

Haydom haikuficha kushindwa huko. Ilikuandika na kukuchapisha. Kisha mwanasesere akahamishiwa wodini, na mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale kazini, kabla ya zamu au katikati yake. Mtafiti Estomih Mduma wa Haydom ndiye mwandishi wa kwanza wa ripoti ya mwaka 2015 iliyoonyesha matokeo: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake walikuwa wamechapisha takwimu za hospitali nane za Tanzania zilizopewa mafunzo hayohayo. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na waliohesabiwa kuzaliwa wafu wakapungua kwa asilimia 24. Takwimu ya pili ndiyo inayoumiza, kwa sababu inamaanisha kwamba baadhi ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu moyo wao ulikuwa bado unadunda. Hakuna aliyewapa pumzi.

Baada ya mwaka 2013 mashine zikaingia. Juu ya meza za kuhudumia watoto zilifungwa vifaa vya kurekodi mapigo ya moyo na kiasi cha hewa kinachopita kwenye barakoa, pamoja na kamera zinazoangalia meza na mikono ya mkunga. Ambu yenyewe ikabuniwa upya, ikasimamishwa wima juu ya barakoa ili mkono ukandamize vizuri, na ikashindanishwa na ile ya kawaida hapohapo Haydom. Kikaja kipimo kiitwacho Moyo kinachofungwa tumboni mwa mama na kupiga kengele mapigo ya mtoto yakiyumba, na baadaye NeoBeat, kifaa kinachovishwa kifuani mwa mtoto na kuonyesha mapigo yake ndani ya sekunde chache. Video za Haydom zilipelekwa Chuo Kikuu cha Stavanger, ambako wahandisi wamezitumia kuifundisha kompyuta itambue yenyewe lini mtoto anasuguliwa, lini anavutwa kamasi na lini anapewa pumzi. Mikono ya wakunga wa Mbulu ndiyo kitabu ambacho mashine hiyo ilisomea.

Hata hivyo mashine peke yake haikuokoa. Paschal Mdoe, daktari wa Haydom, aliulinganisha usikilizaji wa mfululizo kwa Moyo na ule wa fetoskopu. Kipimo kipya kiligundua matatizo mengi zaidi, lakini vifo havikupungua kwa kiwango kinachoonekana. Kengele ikilia, anatakiwa mtu wa kuamua, chumba cha upasuaji kilicho tayari, na mkono unaoijua ambu.

Ndiyo maana hatua iliyofuata iliunganisha yote: vifaa, mazoezi ya kila wiki, vinara wa mafunzo katika kila kituo, na kupitia takwimu za kituo chenyewe. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 mpango huo, ukiongozwa na Haydom pamoja na Wizara ya Afya na wabia wengine, uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa akina mama karibu 300,000. Ripoti yake, ambayo mwandishi wa kwanza ni Mtanzania Benjamin Kamala, ilitoka mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine, moja ya majarida makubwa kabisa ya tiba duniani. Vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75. Nafuu haikuwa sawa kila mkoa, na watafiti wamelisema hilo.

Wakunga, wasaidizi wenye saa, na akina mama waliokubali kuangaliwa katika saa ngumu kuliko zote za maisha yao wamekwisha kutoa mchango wao. Kilichobaki ni cha halmashauri za Mbulu na Hanang, na cha kila halmashauri nyingine. Barakoa mpya za kuchukua nafasi ya zilizochakaa zinunuliwe kwa bajeti ya ndani bila kusubiri mfadhili, na dakika tano za mazoezi ya kila wiki ziandikwe kwenye ratiba ya zamu ya kila zahanati na kituo cha afya chenye leba. Mganga mfawidhi anayesoma makala haya anaweza kuziandika kuanzia ratiba ya wiki ijayo.